Sifuri ya Aikande

Mwalimu Kibacha amefariki Jumanne, na tangu Jumanne simu yangu haijatulia. Kundi letu la waliosoma kidato cha sita pamoja, ambalo kwa kawaida huamka Idi na Krismasi tu, limejaa rambirambi. Mmoja ameandika kwamba marehemu alikuwa nguzo yetu. Mwingine, ambaye alikuwa akilala darasani mpaka udenda unamtoka, ameandika kwamba bila marehemu asingekuwa mhandisi. Jana wakaamua, bila kuniuliza, kwamba wasifu wa marehemu kwa upande wa wanafunzi niandike mimi. "Somoe ndiye aliyefuata nyayo zake," kaandika mwenyekiti wetu. "Kafundisha fizikia mpaka kastaafu. Nani mwingine?" Basi nimeketi mezani tangu asubuhi. Nimeandika "Mwalimu Kibacha alikuwa" mara nne, na mara zote nne nimekata, kwa sababu hasira niliyo nayo haifai kusomwa mbele ya jeneza. Wasifu waandike wengine. Mimi nitaandika habari za mwaka ule, na za msichana ambaye katika ujumbe wote huo hakuna hata mtu mmoja aliyemtaja.

Jina lake Aikande. Darasa letu la fizikia lilikuwa na wasichana wawili tu, mimi na yeye, wengine wote wavulana. Baba yake mdogo, ambaye wateja walimwita Mangi kama walivyowaita wenye maduka wote waliotoka Kilimanjaro, alikuwa na duka la nafaka Kariakoo, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba ambacho mchana kilikuwa chetu. Nikifumba macho sasa hivi nakiona. Magunia ya maharage na choroko yamepangwa mpaka karibu na dari, na vumbi lake linakuingia puani mpaka unapiga chafya katikati ya hesabu. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya makreti mawili ya soda. Kulikuwa na dirisha moja la nondo, lililotazama uchochoro ambapo wachukuzi walipumzika wakisubiri kazi, na mazungumzo yao yaliingia moja kwa moja chumbani, matusi yakiwemo. Tulifika pale saa tisa alasiri tukitoka shule, mama mdogo wake Aikande akatuletea ndizi zilizopikwa na maharage, sufuria moja, vijiko viwili. Kule nilikokuwa nakaa mimi, mtaa wa tatu kutoka pale, mwaka mzima ule tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ule uliokuwa na harufu ya meli, kwa hiyo sitaficha kwamba siku za mwanzo nilifuata ndizi kwanza, fizikia baadaye. Chai tulikunywa kavu. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na mtu akikuambia ameipata humwamini mpaka aionyeshe.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Mangi na marafiki zake wawili watatu. Waliongea kwa sauti ya chini, lakini ukuta ulikuwa wa mbao. Mazungumzo yalikuwa yale yale kila siku. "Nasikia maduka ya watu binafsi yote yatafungwa, yawe ya ushirika." "Umesikia wapi?" "Nimesikia tu." "Basi usiseme umesikia. Uza maharage yako, nyamaza." Tulikuwa tunacheka kimyakimya, sisi wasomi, tukiwaona wazee wale ni waoga. Najionea aibu leo nikikumbuka kile kicheko, maana mwaka haukuisha kabla sijaonyesha uoga ambao Mangi hakuwahi kuufikia.

Kitabu nilikinunua mimi, kwenye duka la vitabu upande wa Posta, ambako siku hizo vitabu vya kutoka Moscow viliuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada gumu la kijani, karatasi nene. Tulikisoma kwa zamu, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anaandika. Na ni humo tulimokuta jambo ambalo daftari la Mwalimu Kibacha halikuwa nalo. Nitalieleza kwa lugha ya kawaida, kwa sababu bila kulielewa huwezi kujua Aikande alionewa kwa jambo gani. Kitu chochote kinachozunguka kina kipimo cha mzunguko wake, kinachotokana na uzito wake, kasi yake na umbali wake kutoka katikati. Sisi tulikiita momenta ya mzunguko. Modeli ya zamani ya atomu, ile ya elektroni kuzunguka kiini kwenye njia yake, ilisema kipimo hicho hakiwi chochote tu. Kinakwenda kwa vipande kamili: kipande kimoja, viwili, vitatu, hakuna nusu wala robo. Ilikuwa fikra ya ujasiri mkubwa kwa wakati wake. Lakini ilisema hesabu inaanzia moja. Elektroni ikiwa kwenye hali yake ya chini kabisa ina kipande kimoja, haiwezi kupungua hapo. Halafu, kama miaka kumi na mitatu baadaye, wakaja watu wa mawimbi wakaonyesha kwamba elektroni haikimbii kwenye njia yoyote. Ni wimbi lililotanda kukizunguka kiini, na kwenye hali ya chini kabisa limetanda sawasawa pande zote, halielekei huku wala huku, na momenta yake ya mzunguko si kipande kimoja. Ni sifuri.

Nililielewa mimi kwanza. Nasema hivyo si kwa kujisifu, utaona mbele kwa nini nalazimika kusema. Aikande alikataa kabisa, tukabishana wiki nzima. "Haiwezekani, shoga. Kama haizunguki si itaanguka kwenye kiini?" Nikamweleza kama kitabu kilivyoeleza, kwamba wimbi ukilibana karibu na kiini nishati yake inapanda, kwa hiyo linajizuia lenyewe, halihitaji kuzunguka ili lisianguke. Akakunja uso. Nikamwambia aangalie dirishani. Mchukuzi mmoja alikuwa anapita na gunia kichwani, mwingine alikuwa anasukuma mkokoteni wenye magunia matano. "Umewahi kumwona mchukuzi na gunia moja na robo?" nikamuuliza. "Hapana." "Gunia zima tu, sivyo? Moja, mawili, matatu. Sasa mwangalie yule aliyekaa." Chini ya dirisha alikuwepo mzee mmoja, amejiegemeza ukutani, anakula muhogo wa kukaanga na pilipili, taratibu, kama mtu ambaye hana deni na mtu. "Yule ana magunia mangapi?" Aikande akamtazama muda mrefu. "Hana," akasema. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka Mangi akagonga ukuta. "Ana magunia sifuri! Na bado ni mchukuzi!" Tangu siku hiyo hakuna mtu angeweza kumwondolea sifuri yake.

Darasani kwa Mwalimu Kibacha mambo yalikwenda tofauti. Yeye alikuwa na daftari lake, alilolifunika kwa nailoni, ambalo aliandika alipokuwa chuoni, na masomo yake yote yalitoka humo. Aliingia, tukasimama, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba, kaeni," kisha akafungua daftari na kusema neno moja: "Andikeni." Sitamsingizia. Hakuwahi kukosa kipindi. Chaki zilipokosekana alinunua kwa mshahara wake, na siku moja alimbeba mgongoni mvulana aliyezidiwa na malaria mpaka zahanati. Haya watu wa kundi wanayaandika na ni kweli. Daftari lake liliishia kwenye ile modeli ya zamani, na muhtasari wa somo nao uliishia pale pale, na kutojua si kosa. Mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi na kuna mambo mengi nilifundisha bila kuyajua vizuri. Kinachoudhi ni kwamba modeli ile ya zamani inatoa nishati za haidrojeni sahihi kabisa. Ukiipima kwa nishati peke yake huigundui. Ndiyo maana mtu aliweza kukaa nayo miaka yote hiyo na asihisi kitu.

Ukaja mtihani wa majaribio. Swali la sita, sehemu ya pili, lilitaka tutaje momenta ya mzunguko ya elektroni ya haidrojeni ikiwa kwenye hali ya chini kabisa. Halikusema kwa modeli ipi. Nililisoma. Nilijua jibu. Nilijua pia jibu lililoandikwa kwenye daftari la nailoni. Na mimi, niliyenunua kitabu, niliyemwonyesha mwenzangu mchukuzi dirishani, nikaandika kipande kimoja. Sikusita hata dakika moja. Nilijiambia kwamba mtihani ni mtihani, mwalimu anataka alichofundisha, nitasema ukweli nikishafika chuo kikuu. Ni hoja nzuri sana. Waoga wote wanayo. Aikande, aliyekaa dawati la mbele yangu, akaandika sifuri, akaeleza kwa aya nzima.

Karatasi ziliporudishwa, aya yake ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu kutoka kona hadi kona. Akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hapa sijaelewa nilipokosea."

"Umeandika sifuri."

"Ndiyo, mwalimu."

"Elektroni inazunguka, binti. Kinachozunguka hakiwezi kuwa na sifuri. Hata mtoto wa darasa la saba anajua."

"Haizunguki, mwalimu. Ni wimbi. Hata mchukuzi aliyekaa hana gunia, ana magunia sifuri, lakini bado ni mchukuzi."

Darasa likaangua kicheko. Mpaka leo naamini kwamba kilichoharibu kila kitu ni kicheko kile, si fizikia. Wavulana walimcheka yeye Aikande, kwa ajili ya magunia, lakini Mwalimu Kibacha alisikia wanamcheka yeye. Niliona shingo yake inavyobadilika. Akafunga daftari taratibu, akauliza, "Kuna mwingine humu ndani anayesema sifuri?" Aikande hakugeuka kunitazama. Angegeuka labda ningesimama. Najidanganya, nisingesimama. Nilitazama kalamu yangu mpaka kengele ikalia.

Siku mbili baadaye nilitumwa kupeleka madaftari ya darasa ofisi ya walimu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasimama nje nikisubiri wamalize kuongea, kama tulivyofundishwa adabu. Ndani alikuwemo Mwalimu Kibacha na mwalimu wa kemia, mama mmoja mnene mpole.

"Lakini umeangalia?" mama akauliza.

"Nimeangalia. Nimekwenda mpaka maktaba. Msichana yuko sahihi."

"Sasa si umwambie tu, Kibacha? Yaishe."

"Nimwambie? Nisimame mbele ya vijana wale niseme kanirekebisha binti wa dukani Kariakoo, kwa mfano wa wachukuzi? Kesho nikisema andikeni, nani ataandika?"

Nikabisha hodi, nikaingia, nikaweka madaftari mezani, nikatoka. Mwalimu Kibacha aliniangalia usoni kujua kama nimesikia, na mimi nikamwonyesha uso wa mtu ambaye hakusikia. Alikuwa anajua! Hili ndilo linalonitafuna miaka yote hii, na ndilo ambalo kundi zima la rambirambi halilijui. Kama asingejua ningemsamehe. Alikwenda maktaba kwa miguu yake, akasoma, akaona Aikande yuko sahihi, akarudi, akaendelea na alichokuwa anafanya. Na mimi nilisikia, nikabeba mdomo wangu nikaenda nao nyumbani.

Shule yetu ilikuwa na kikao cha kukosoa na kujikosoa kila Ijumaa mchana. Zilikuwa zama hizo, kila mahali watu walikosoana, kiwandani, ofisini, kwenye tawi la chama. Sikatai kwamba mahali pengine kikao cha namna hiyo kilimtoa meneja mwizi. Kwetu kilikuwa na utaratibu wake: mwanafunzi anayekosolewa anasimama mbele, na wa kwanza kuzungumza ni rafiki yake wa karibu, kwa sababu, walisema, rafiki ndiye anayekujua, na rafiki wa kweli hafichi kasoro ya mwenzake. Ijumaa ile akasimamishwa Aikande. Makamu mkuu wa shule akasoma makosa: ubinafsi, kiburi cha usomi, kudharau mwalimu mbele ya wenzake. Kisha akaita jina langu.

Ukumbi ulikuwa na joto. Nilisimama. Mwalimu Kibacha alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, akiangalia sakafu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, yuko sahihi, na mtu ambaye angeweza kuyathibitisha alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikasema, "Aikande ana tabia ya kubishana." Nikakaa. Maneno matano. Nimewahi kusema uongo mrefu zaidi maishani na sikumbuki hata mmoja, lakini haya yananijia nikiwa napika, nikiwa kanisani kwenye harusi za watu, popote. Na uchafu wake ni kwamba hayakuwa hata uongo. Alikuwa na tabia ya kubishana. Alibishana na mimi wiki nzima juu ya sifuri mpaka akaielewa kuliko nilivyoielewa mimi.

Baada yangu wakazungumza wavulana wanne, wote wakasema kubishana, kubishana, kwa kuwa mlango nilikuwa nimeshaufungua. Makamu akamwambia Aikande ajikosoe. Alikuwa amesimama wima, sketi ya shule ina vumbi la choroko pembeni. Akasema, "Naomba radhi kwa kuchekesha darasa. Sikukusudia mwalimu achekwe." Makamu akamwambia aendelee. "Nimemaliza," akasema. "Na ile sifuri?" "Sifuri siiombei radhi, mwalimu. Siyo ya kwangu." Makamu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mwalimu Kibacha hakuinua kichwa.

Siku hizo hukuingia chuo kikuu kwa kufaulu peke yake. Lazima shule ikupendekeze, ikuandikie tabia na mwenendo, na bila karatasi hiyo fomu yako haikwenda popote hata ungepata alama zote. Aikande alitaka uhandisi. Alikuwa ameshamwambia Mangi, na Mangi, ambaye alitamani awe naye dukani, alikubali kwa shida. Orodha ya waliopendekezwa ilibandikwa ubaoni wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho. Jina langu lilikuwa la tatu. Lake halikuwepo. Alifanya mtihani hata hivyo, na matokeo yalipotoka alikuwa amenizidi katika fizikia. Haikumsaidia kitu.

Chuo kikuu, mhadhara wa kwanza wa fizikia ya atomu, mhadhiri aliingia amechelewa, akaandika ubaoni kwamba kwenye hali ya chini kabisa momenta ya mzunguko ni sifuri, akaendelea na mstari unaofuata huku akikohoa. Ukumbi mzima ukanakili. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyesimamishwa mbele. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi nikalia kwa hasira, nikapitwa na nusu ya somo. Baadaye nilipokuwa mwalimu nilitoa alama kwa majibu yote mawili, mwanafunzi akieleza ni kwa modeli ipi. Wenzangu waliniona mlegevu. Na sasa wananiambia nimefuata nyayo zake! Nimetumia maisha yangu ya kazi nikijaribu kuzifuta, na wala sikuanza wakati ule ilipohitajika.

Lakini kabla ya hayo yote, ile orodha ya ubaoni ilipobandikwa, sikwenda kwenye kile chumba cha nyuma ya duka siku tatu. Ya nne nikaenda. Nilijiandaa njia nzima: nitamwambia nilichosikia mlangoni mwa ofisi ya walimu, nitamwambia niko tayari kurudi kwa mkuu wa shule na kukisema. Sikupita mlango wa nyuma kama kawaida, sijui kwa nini. Labda niliogopa kuukuta umefungwa. Nikapanga foleni mbele ya duka pamoja na wateja. Aikande alikuwa nyuma ya kaunta, amefunga kanga juu ya sare ya shule, anahudumia. Mbele yangu kulikuwa na mama wawili. Nilimtazama akiwahudumia, mikono yake ina haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka. Zamu yangu ikafika. Akaniangalia machoni, bila chuki, bila kitu chochote.

"Karibu, dada," akasema. "Nikupimie nini?"

Yote niliyoyaandaa yakakwama. Nyuma yangu mtu akanisukuma kidogo, akasema tuharakishe. Nikasema maharage, nusu kilo. Akapima, mizani ikatulia, akaongeza kiganja kimoja juu yake, kama wanavyoongezewa wateja wote, akafunga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, karibu tena," akasema, na akamsalimu mtu wa nyuma yangu.